Makopo manne na chai ya maziwa: kisa cha mtoto wa Maji ya Chai, Arusha

Mtoto wa kike, wiki 11, kilo 5.3, mchangamfu, anacheka akisemeshwa. Choo chake siku nyingine kina ute na michirizi ya damu, siku nyingine ni safi. Mama yake amekuja kliniki na makopo manne ya maziwa ya unga, yote yameshafunguliwa, hata moja halijaisha. Kwenye mkoba kuna pia chupa ya dawa ya mchango na karatasi mbili za zahanati.

Mambo madogo ya familia hii nimeyabadilisha ili isitambulike. Yaliyobaki ni kama yalivyokuwa. Nimeona kisa kiandikwe kirefu kwa sababu kila wiki tunapata wazazi wanaouliza "maziwa gani yanafaa kwa mtoto mwenye tumbo nyeti", kana kwamba jibu lote liko dukani. Kwa mtoto huyu kopo linalofaa lilikuwepo kweli, na tulilitumia. Lakini kopo peke yake lingemwachia mama deni na mtoto damu.

Mtoto alizaliwa kwa siku zake, kilo 3.1, akanyonya maziwa ya mama tu hadi wiki ya 6. Mama anafanya kazi ya kufunga maua kwenye shamba moja upande wa Usa River, na likizo ya uzazi kisheria ni siku 84, kwa hiyo mapema akaanza kumzoesha mtoto kopo. Hilo lilikuwa kopo la kwanza, la kawaida, la maziwa ya ng'ombe. Haikupita wiki ute ukaanza, kisha damu.

Zahanati ilimpa dawa ya kuhara damu. Siilaumu, katika mazingira yetu, damu kwenye choo cha mtoto ni kuhara damu mpaka uhakikishe siyo. Mara ya pili walipima choo wakakuta hakuna mdudu. Bibi wa mtoto, mama mzaa baba, ambaye alishuka kutoka Rombo kumlea mzazi, akasema ni mchango, akatafuta dawa. Dawa haikubadilisha kitu. Akasema basi apewe maziwa ya mbuzi. Akapewa siku tatu, damu ikaongezeka.

Kisha likaja duka. Muuzaji, kwa nia njema naamini, akauza kopo la "tumbo nyeti" lililopunguzwa laktosi. Baadaye la soya. Baadaye tena lenye herufi HA kwa mbele (kifupi cha Kiingereza hypoallergenic, lisiloleta aleji kirahisi), bei karibu mara mbili ya lile la kwanza. Kila kopo lilitumika siku chache, damu ikionekana tena linawekwa kabatini.

Tukae hapo kwenye kabati kidogo, maana makopo yale manne ndiyo somo.

La laktosi lilikuwa limekosea njia tangu mwanzo. Laktosi ni sukari ya maziwa, na maziwa ya mama yanayo nyingi kuliko ya ng'ombe: karibu gramu 7 kwa mililita 100, wakati ya ng'ombe haifiki 5. Mtoto huyu alinyonya wiki sita bila shida yoyote. Tena, sukari isiyosagwa huleta gesi, choo cha maji na ngozi ya makalio kuwa nyekundu. Haileti damu. Mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, unahusu protini, na ukipunguza sukari protini inabaki palepale.

Maziwa ya mbuzi yana protini zinazofanana mno na za ng'ombe, kiasi kwamba watoto zaidi ya 9 kati ya 10 wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika na ya mbuzi pia. Na hata kwa mtoto asiye na mzio, maziwa ya mbuzi yaliyotoka zizini hayamfai mchanga: yana protini na chumvi nyingi kwa figo zake, na folati, vitamini ya kujenga damu, kidogo mno. Soya haina maziwa, hilo ni kweli, ila chini ya miezi 6 haishauriwi, na sehemu ya watoto wenye mzio wa maziwa huikataa nayo.

HA ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu mama aliinunua akiamini amefika. Protini ni mnyororo mrefu wa amino asidi. Kinga ya mtoto inautambua mnyororo kwa vipande vyake. Ukiukata vipande vidogo vya kutosha, kinga haioni tena kitu cha kupigana nacho. Kwenye makopo ya HA mnyororo umekatwa nusunusu, vipande bado vikubwa. Kwa mtoto ambaye tayari ana mzio hiyo si tiba. Kuna aina nyingine ambayo vimeng'enya vimeachwa vikatekate protini mpaka vipande viwe vidogo sana, na kuna ya tatu ambayo haina mnyororo kabisa, ni amino asidi mojamoja. Aina ya pili huwatosha takribani watoto 9 kati ya 10. Ya tatu ni kwa waliobaki na kwa wale walioumwa vibaya tangu mwanzo. Maziwa ya kukatwakatwa hivi si jambo la juzi, yalianza kuuzwa Marekani mwaka 1942. Ila kwenye rafu yote haya yanakaa karibu karibu, na mtu asiyeelezwa atachukua lenye picha nzuri.

Daktari wa watoto alimkagua kabla mimi sijasema neno kuhusu chakula. Tumbo laini, hakuna homa, hakuna mchaniko kwenye njia ya haja, hajapauka, damu iko vizuri kwenye kipimo, na kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito unapanda bila kuyumba. Angekuwa anatapika kijani, au tumbo limejaa, au analia kwa vipindi akikunja miguu na choo kama jeli nyekundu, au amelegea na kupauka saa chache baada ya kunywa maziwa, au midomo imevimba na ngozi imetoka mapele mara tu baada ya kikombe, tusingekuwa tunazungumzia makopo. Angekuwa njiani kwenda hospitali.

Mama aliuliza kuhusu kipimo cha damu cha mzio, kile kinachopima vyakula vingi kwa mkupuo. Ameambiwa na mtu kazini. Daktari akamwambia hela hiyo aiweke. Mzio wa aina hii, unaochubua sehemu ya mwisho ya utumbo mpana huku mtoto akinenepa na kucheka, hauonekani kwenye kipimo hicho. Hujulikana kwa kuondoa na kurudisha, basi.

Swali lililofungua kisa nililiuliza karibu kwa kupitisha muda, huku daktari akiandika. Je, kuna siku ambazo mtoto hakupata kopo lolote? Zilikuwepo. Kabla ya lile la HA, fedha zilikatika karibu wiki nzima, akanyonya tu. Na damu? "Ilipungua, dokta. Ila haikuisha." (Kliniki yetu kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, mimi ni afisa lishe na nimeshachoka kusahihisha.)

Ilipungua, haikuisha. Kama kopo ndilo lilikuwa tatizo lote, kunyonya tu kungesafisha. Nikamgeukia bibi.

"Shikamoo mama. Mzazi anakula nini nyumbani?"

"Marahaba mwanangu. Anakula vizuri. Hapo sijamwonea." Akahesabu kwa vidole: asubuhi chai ya maziwa, maziwa matupu, si ya kuchanganya na maji. Saa nne uji wa ulezi umewekwa maziwa na siagi. Mchana mtori, na bibi huyu mtori wake humalizia na maziwa. Jioni chai tena, na usiku kikombe cha maziwa ya moto ili maziwa ya mtoto yajae. Siku nyingine jirani analeta loshoro, mahindi yenye maziwa ya mgando. Ukijumlisha ilikuwa si chini ya lita moja na nusu kwa siku.

Ndivyo mzazi anavyotunzwa huku kwetu, na kwa watoto wengi mno ni baraka tupu. Lakini kwa baadhi ya wanawake, sehemu ndogo ya protini ya maziwa ya ng'ombe hupita tumboni, ikaingia kwenye damu, na kutoka kwenye titi. Kwa mtoto asiye na mzio haina maana yoyote. Kwa huyu ilikuwa inatosha kuuweka utumbo kwenye wekundu, na kopo likaja kuumalizia.

Bibi alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Kwa hiyo ni mimi ninayemuumiza mjukuu wangu." Hapo nilitumia muda mrefu kuliko kwenye kitu kingine chochote siku ile, kwa sababu ni yeye aliyekuwa anapika. Bibi akitoka pale amefedheheka, mpango wote unafia jikoni. Nilimwambia tunachotaka ni mtori uleule bila maziwa, uji uleule wa ulezi bila siagi wala maziwa, na kwamba ulezi wenyewe una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine. Dagaa waliwe na mifupa yao. Mama apewe vidonge vya kalsiamu, miligramu 1,000 kwa siku. Chai ya rangi na tangawizi. Asome pakiti za biskuti, majarini na mikate, maana maziwa hujificha humo kwa jina la kaseini au unga wa maziwa. Bibi akauliza kama siagi nayo ni maziwa. Swali zuri; siagi ina protini kidogo ila ipo, iondoke.

Mama angerudi kazini baada ya siku chache, kwa hiyo kopo lilihitajika. Kiasi gani, ndiyo ilikuwa hoja. Baba, ambaye anaendesha bajaji na alikuwa amekaa kimya tangu mwanzo, alitaka hesabu, tukaifanya pamoja nyuma ya karatasi ya zahanati. Mtoto wa umri huu akinywa kopo tu hutumia kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito. Kilo 5.3, karibu mililita 800 kwa siku. Kila mililita 100 hula karibu gramu 13 na nusu za unga, kwa hiyo gramu 107 kwa siku. Kopo la gramu 400 haliishi siku nne. Makopo manane kwa mwezi, ya aina iliyokatwakatwa kabisa, ambayo ni ghali kuliko HA na hupatikana mjini Arusha kwa kuagiza. Baba akaweka kalamu chini.

Tukaanza upya, sasa tukitanguliza titi. Mama ananyonyesha kabla ya kutoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, na nyumbani kwao si mbali kwa bajaji. Msimamizi alikubali bila mvutano. Jioni na usiku wote ni titi. Asubuhi anakamua kikombe kimoja, kinakaa kivulini kimefunikwa, kinanyweshwa ndani ya saa nne. Pengo lililobaki ni milo miwili, kama mililita 240. Gramu 32 hivi. Kopo moja siku kumi na mbili.

Baba akasema, "Hapo naweza."

Jambo la maji lilizuka kwa bahati, kwa sababu ya anwani. Familia inaishi Maji ya Chai, na visima vingi vya miteremko ya Meru vina floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachowekwa na Shirika la Afya Duniani. Sisi tuliokulia huku tunayajua meno yetu ya kahawia. Mtoto anayenyonya amekingwa, kwa sababu floraidi haipiti kwenye titi ila kidogo sana hata mama akinywa maji hayohayo. Mtoto wa kopo anaipata yote, tena meno yake ya ukubwani ya mbele ndiyo yanaanza kujijenga ndani ya fizi. Kuchemsha hakusaidii; maji yakipungua sufuriani floraidi inazidi kukolea. Wao walikuwa na tanki la maji ya mvua kwa ajili ya kufulia. Tukabadilisha: maji ya mvua yachemshwe kwa ajili ya mtoto, ya kisima yafulie.

Na yachemshwe yatumike yangali moto, si yaliyopoa tangu jana. Unga wa maziwa haujauliwa vijidudu vyote kiwandani, na kinachovimaliza ni maji yasiyopungua nyuzi 70. Kwenye mwinuko wetu maji huchemka nyuzi 95 au 96, bado yanatosha sana. Yamwagwe kwenye chupa ya chai inayotunza moto, yachanganywe wakati wa mlo, kikombe kipoozwe kwenye bakuli la maji baridi, kisichonywewa ndani ya saa mbili kimwagwe. (Maelekezo ya kopo yasomwe kwanza; machache yamewekwa bakteria rafiki na yana utaratibu wake.) Kikombe, si chupa ya chuchu: chupa ni shida kusafisha, kikombe unakiona hadi chini.

Nilimwomba bibi atengeneze mbele yangu. Akachota kijiko kwa upole, akakitikisa mpaka unga ukashuka chini ya ukingo, akamimina maji ya mara mbili ya kipimo. "Dawa ya ghali, lazima tuihurumie." Nimeliona hilo mara nyingi kwa watu makini kuliko huyu bibi. Maziwa yaliyoongezwa maji humdumaza mtoto, na yakiwa mepesi sana hushusha chumvi ya mwili mpaka mtoto apate degedege. Tukasawazisha kijiko kwa mgongo wa kisu, akarudia mpaka mkono ukazoea. Nilionja tone: chungu, na harufu yake haivutii hata kidogo. Watoto wa chini ya miezi minne huinywa bila kujali. Ukichelewa, wengi hukataa, kwa hiyo kwa huyu tulibahatika.

Siku ya nne mama alipiga simu akiwa na hofu: choo kimegeuka kijani kibichi. Nilipaswa kuwa nimemwambia, ila daktari alikuwa ameshaandika kwenye karatasi na bibi akalikumbuka kabla yangu; maziwa ya aina hii hufanya hivyo. Ndani ya wiki moja damu haikuonekana tena. Ute ulichukua muda zaidi.

Wengi huishia hapa, mtoto amepona, mshukuriwe Mungu. Baada ya wiki nne daktari akasema sasa mama arudie chai ya maziwa. Nyumba nzima ikapinga, na bibi ndiye aliyesema vizuri zaidi: "Kidonda kimefunga, mnakichokoza cha nini?" Ni pingamizi la haki. Jibu ni kwamba watoto wengi wanaotoa michirizi ya damu hupona wenyewe, hata bila mtu kubadilisha chochote. Bila kurudisha tusingejua kama ni chakula kilichomponya au ni siku zilizopita. Tofauti ya majibu hayo mawili ni miezi ya makopo, na mama kukaa bila maziwa, jibini wala mtindi kwa kitu ambacho pengine hakipo. Tulikubaliana: chai ya maziwa kila siku, hadi wiki moja, damu ikionekana aache siku hiyohiyo. Kwa mtoto mwenye dalili za aina hii, bila uvimbe wala kulegea, hilo hufanyika nyumbani. Kwa mwenye dalili za ghafla hufanyika hospitali tu.

Siku ya tatu michirizi ilirudi. Mama aliacha maziwa, ikaondoka tena. Sasa tulikuwa na ugonjwa wenye jina, mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, na baba akajua anachokilipia.

Yaliyofuata yalikwenda bila makuu. Miezi sita ilipofika mtoto alianza uji wa ulezi, ndizi, maharage yaliyosagwa, samaki, na yai na karanga iliyosagwa laini bila kucheleweshwa, kwa sababu kuchelewesha hakumkingi mtoto. Milo ilivyoongezeka kopo lilipungua, na kabla ya mwaka likaacha kununuliwa, titi liliendelea. Karibu na siku yake ya kuzaliwa tulijaribu tena kwa ngazi: biskuti iliyookwa na maziwa kwanza, kwa kuwa moto mkali hudhoofisha protini, kisha chapati ya maziwa, kisha mtindi, kisha maziwa yenyewe. Alipanda zote. Wengi wenye mzio wa namna hii huuacha nyuma kufikia mwaka mmoja.

Baba alikuja peke yake miezi kadhaa baadaye. Mke wake ni mjamzito tena. Alitaka kujua kama mtoto ajaye aanzishwe moja kwa moja na kopo la HA ili kuzuia yasijirudie, maana anaweza kuanza kuweka akiba sasa. Nilimwambia hapana. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba HA huzuia mzio, na mama asiache maziwa wakati wa ujauzito wala baada ya kujifungua kwa kuogopa tu. Anywe chai yake na bibi aje na mtori wake kamili. Kama damu itaonekana, tunajua pa kuanzia. Akaniuliza akiba aiweke wapi basi. Nikamwambia tanki la pili la maji ya mvua.